Filatov: Tabibu aliyewarejeshea vipofu nuru kwa macho ya marehemu

KWA karne nyingi, mtu aliyepofuka kwa sababu ya chamba cheupe kilichotanda juu ya jicho alihesabiwa kuwa amekwisha kuiaga nuru. Waganga walimtia dawa, wakamkwangua, wakajaribu kila walilolijua, kisha wakamrudisha kwa jamaa zake ashikwe mkono hadi siku ya kufa kwake. Miongoni mwa watu waliobadilisha hali hiyo, ni wachache waliofanya makubwa kumshinda daktari mmoja wa mji wa Odessa, kando ya Bahari Nyeusi, kwa jina Vladimir Petrovich Filatov.

Filatov alifariki mnamo Oktoba 30, 1956 akiwa na umri wa miaka 81. Kufikia wakati huo jina lake lilikuwa linajulikana katika kila pembe ya Muungano wa Kisovieti, na madaktari wa nchi za mbali walikuwa wakizisoma kazi zake. Wagonjwa walisafiri kwa siku nyingi kwenda Odessa wakiwa wameshikwa mkono, na wengi wao wakarudi makwao wakitembea peke yao.

Hata hivyo, maisha ya tabibu huyu hayakuwa ya ushindi mtupu. Alishindwa kwa miaka mingi kabla ya kufaulu. Isitoshe, baada ya kufaulu aliitetea tiba nyingine ambayo utafiti wa baadaye haukuithibitisha. Ndiyo sababu historia yake inastahili kusimuliwa kwa ukamilifu, pamoja na sifa zake na makosa yake.

Dirisha na ukuta

Ili kuielewa kazi ya Filatov, ni muhimu kwanza kuelewa jinsi jicho lilivyoumbwa. Mbele kabisa kuna utando mgumu ulio mwangavu kama kioo, uitwao konea. Huu ndio dirisha la jicho. Nuru hupita hapo, ikaingia katika mboni, ikapenya lenzi, kisha ikaangukia ukuta wa nyuma uitwao retina. Retina ndiyo inayoipokea picha na kuipeleka kwenye ubongo kupitia mshipa wa fahamu.

Konea ikiungua kwa chokaa, ikichomwa na kijiti au ikishambuliwa na maradhi, hupona kwa kufanya kovu, na kovu hilo ni jeupe. Zamani ndui iliwapofusha watu wengi kwa njia hiyo. Trakoma, ambayo pia huitwa vikope na ambayo jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki zinaijua vyema, nayo hugeuza kope ndani hadi zikaisugua konea na kuitia makovu. Mgonjwa wa aina hii huenda akawa na retina nzima isiyo na dosari yoyote. Hali yake ni kama ya mtu aliyefungiwa chumbani ambamo dirisha limepakwa chokaa.

Kwa upande mwingine, kuna wagonjwa ambao dirisha lao ni safi lakini ukuta wa nyuma umeharibika. Hao ni wenye maradhi ya retina, na tatizo lao ni gumu zaidi, kwa kuwa retina ni sehemu ya mfumo wa fahamu na haipandikizwi kama konea. Filatov alijaribu kuyasaidia makundi yote mawili. Kwa kundi la kwanza alifaulu pakubwa. Kwa kundi la pili, hadithi ni tofauti.

Mwana wa ukoo wa madaktari

Filatov alizaliwa mnamo Februari 1875 katika kijiji cha Mikhailovka, mkoa wa Penza nchini Urusi. Baba yake, Pyotr Filatov, alikuwa daktari aliyefanya upasuaji na pia kutibu macho. Amu yake, Nil Filatov, alikuwa bingwa mashuhuri wa maradhi ya watoto, na hadi leo anahesabiwa miongoni mwa waasisi wa taaluma hiyo nchini Urusi. Kwa hivyo, kijana huyo alikua akiwaona wagonjwa wakiingia na kutoka nyumbani mwao.

Baada ya kuhitimu masomo ya sekondari mjini Simbirsk mwaka wa 1892, alijiunga na Chuo Kikuu cha Moscow kusomea udaktari. Alihitimu mwaka wa 1897 na kubaki katika zahanati ya macho ya chuo hicho, kisha akahudumu katika hospitali ya macho ya Moscow. Mwaka wa 1903, mwalimu wake mmoja, Profesa Sergei Golovin, alihamia Odessa kuongoza idara ya macho, na Filatov akamfuata huko. Odessa ikawa maskani yake kwa muda wote wa maisha yake uliosalia, isipokuwa miaka ya vita.

Mwaka wa 1908 alipata shahada ya udaktari wa tiba kwa tasnifu yake kuhusu sumu za chembe hai katika magonjwa ya macho. Miaka mitatu baadaye, mnamo 1911, alichukua uongozi wa idara hiyo kutoka kwa Golovin. Alikuwa na miaka 36, na tayari alikuwa na swali moja lililomsumbua kuliko yote: je, kioo cha jicho kilichoharibika chaweza kubadilishwa?

Ndoto ya karne nzima

Swali hilo halikuwa geni. Mnamo 1824 daktari Mjerumani, Franz Reisinger, alikuwa amependekeza konea za wanyama zipandikizwe kwa binadamu. Mwaka wa 1837 daktari kutoka Ireland, Samuel Bigger, alieleza jinsi alivyokuwa mateka nchini Misri na huko akapandikiza konea ya swala mmoja kwa swala mwenzake aliyepofuka. Habari hizo ziliwatia moyo wapasuaji wengi. Wakajaribu konea za nguruwe na za sungura kwenye macho ya watu, lakini karibu zote ziliota ukungu baada ya siku chache.

Ushindi wa kwanza wa kudumu ulipatikana Desemba 7, 1905 katika mji wa Olomouc, ulioko sasa katika Jamhuri ya Czech. Daktari Eduard Zirm alimpandikizia kibarua aliyechomwa na chokaa konea za mvulana wa miaka 11, ambaye jicho lake lilikuwa limeharibiwa na kipande cha chuma na ilibidi ling'olewe. Konea iliyowekwa katika jicho moja ilishindwa. Ya jicho la pili ilibaki angavu, na mtu yule akarudi kazini.

Zirm alikuwa amethibitisha jambo kubwa, yaani konea ya mtu huweza kuishi katika jicho la mtu mwingine. Lakini njia yake ilikuwa na kikwazo kimoja. Ilitegemea jicho lililong'olewa kutoka kwa mtu aliye hai, tena jicho lenye konea nzuri. Macho ya namna hiyo hayakupatikana ila kwa nadra sana. Profesa Anton Elschnig wa mjini Prague, aliyeendeleza upasuaji huo kuanzia mwaka wa 1914, naye alilazimika kusubiri bahati ya namna hiyo. Mgonjwa mmoja angeweza kupona, ilhali mamia wakiendelea kungoja.

Koleo lavunjika

Filatov alifanya upasuaji wake wa kwanza wa konea Februari 1912. Aliondoa konea yote ya mgonjwa na kuweka nyingine mahali pake. Kipande kilishika, lakini hakikubaki angavu. Kiliota ukungu na mgonjwa hakuona.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Filatov hakulitupilia mbali swali lake, ingawa vita, mapinduzi ya 1917 na njaa iliyofuata vilimzuia kulirudia kwa miaka kadhaa. Katika kipindi hicho hicho alijipatia umaarufu kwa jambo jingine kabisa.

Mwaka wa 1916 alimtibu mgonjwa aliyekuwa na uvimbe katika ukope wa chini. Baada ya kuuondoa uvimbe huo, palihitajika ngozi ya kuziba pengo. Kwa kawaida, ngozi iliyohamishwa kutoka mbali ilikuwa ikifa kwa kukosa damu au ikioza kwa vijidudu. Filatov alikata ukanda wa ngozi shingoni, akauacha umeshikana na mwili kwenye ncha zote mbili, kisha akazishona kingo zake pamoja hadi ukawa kama mpini wa mtungi. Damu iliendelea kupita ndani yake, na jeraha likawa limefunikwa pande zote. Ukanda ulipopata nguvu, alikata ncha moja na kuihamishia usoni.

Alichapisha habari za upasuaji huo mwaka wa 1917. Mwaka huo huo, daktari Harold Gillies nchini Uingereza alibuni njia hiyo hiyo bila kujua habari za Odessa, akaitumia kuwatengenezea nyuso askari waliojeruhiwa na kuungua vitani. Mbinu hiyo ilitumika ulimwenguni kote kwa miaka mingi kurekebisha pua, midomo na taya. Endapo Filatov angekomea hapo, bado jina lake lingebaki katika vitabu vya tiba.

Nuru kutoka chumba cha maiti

Katika miaka ya 1920 alirejea kwenye konea. Safari hii hakuiondoa yote. Alikata duara dogo katikati ya kovu, mbele ya mboni, na kuweka duara lingine la ukubwa ule ule kutoka jicho jingine. Dirisha dogo lilitosha kupitisha nuru.

Upasuaji wenyewe ulikuwa wa hatari. Wakati kisu cha mviringo kinapopenya konea, maji ya ndani humwagika, na lenzi inaweza kujeruhiwa au vilivyomo ndani ya jicho vikatoka nje. Filatov alibuni njia ya kupitisha kipande chembamba kati ya konea na lenzi kabla ya kukata, ili kiwe ngao. Akishirikiana na fundi wa vyombo aliyeitwa Martsinkovsky, alitengeneza visu vya mviringo vilivyokuja kujulikana kwa majina yao wote wawili. Kwa kuwa wakati huo hapakuwa na nyuzi nyembamba kama za leo, alikishikilia kipande kilichopandikizwa kwa kukifunika na utando laini uliotolewa kwenye weupe wa jicho lenyewe.

Lakini tatizo la msingi lilibaki pale pale. Konea zingetoka wapi? Jibu la Filatov lilikuwa kwamba zitoke kwa watu waliokufa.

Wakati huo madaktari wa Kisovieti walikuwa wakilichunguza kwa ari swali la viungo vya marehemu. Mwaka wa 1930 daktari Sergei Yudin wa Moscow alimwongezea mgonjwa damu iliyotoka kwa maiti. Mwaka wa 1933, mjini Kherson, si mbali na Odessa, daktari Yurii Voronoy alipandikiza figo ya marehemu kwa mgonjwa, ikiwa mara ya kwanza ulimwenguni kwa figo ya binadamu. Mgonjwa huyo alifariki baada ya siku mbili.

Konea ilikuwa na faida ambayo figo haikuwa nayo. Haina mishipa ya damu. Hupata hewa yake kutoka nje kupitia machozi, na lishe yake kutoka kwa maji yaliyo nyuma yake. Kwa sababu hiyo, askari wa mwili wanaosafiri ndani ya damu kuwinda kitu kigeni hawaifikii kwa urahisi. Sababu hizo hazikuwa zimefahamika kikamilifu katika siku za Filatov, lakini matokeo yalionekana wazi kwa wagonjwa wake.

Kuanzia mwaka wa 1931 alianza kuzitumia konea za marehemu. Macho yalitolewa muda mfupi baada ya kifo, yakawekwa katika chombo chenye unyevu na kuhifadhiwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 4 za Selsiasi. Kumbe kifo cha mtu hakikuwa kifo cha konea yake papo hapo. Ikihifadhiwa vyema, chembe zake ziliendelea kuwa hai kwa siku kadhaa, na ikiwekwa katika jicho la kipofu ilishika na kubaki angavu.

Wapo waliojaribu kuhifadhi konea kabla yake, na hakuwa mtu wa kwanza kulifikiria jambo hilo. Sifa yake ni kwamba aliligeuza wazo kuwa tiba. Alilirudia kwa mgonjwa baada ya mgonjwa, akaandika waliopona na wasiopona, akawafundisha madaktari wengine kufanya vivyo hivyo. Mwaka wa 1935 makala yake ndefu kuhusu upandikizaji wa konea ilichapishwa katika jarida la Marekani la maradhi ya macho, na wapasuaji wa nchi za Magharibi wakaweza kujisomea wenyewe.

Badiliko hilo lilikuwa kubwa. Kabla yake, kipofu alingoja ajali ya mtu mwingine. Baada yake, kila hospitali yenye chumba cha maiti ilikuwa na uwezo wa kuwa chemchemi ya nuru. Mnamo 1944, benki ya kwanza ya macho ilianzishwa jijini New York na daktari Townley Paton, ikiendeshwa kwa msingi ule ule wa kukusanya na kuhifadhi macho ya waliofariki.

Taasisi, vita na heshima

Serikali ya Kisovieti ilitambua thamani ya kazi hiyo. Mwaka wa 1936 taasisi ya utafiti wa maradhi ya macho iliundwa mjini Odessa, na Filatov akawa mkurugenzi wake. Mwaka wa 1939 aliteuliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Sayansi ya Ukraine, na mwaka wa 1941 alitunukiwa Tuzo ya Stalin.

Mwaka huo huo wa 1941, majeshi ya Ujerumani na Romania yalivamia. Odessa ilizingirwa na hatimaye ikatekwa mwezi wa Oktoba. Filatov, aliyekuwa na umri wa miaka 66, alihamishwa kwanza hadi Pyatigorsk, kusini mwa Urusi, kisha Tashkent, ambao sasa ni mji mkuu wa Uzbekistan. Huko aliendelea kuwatibu askari waliojeruhiwa macho. Odessa ilikombolewa Aprili 1944, na mwaka huo akarudi kuanza kuijenga upya taasisi yake.

Mwaka wa 1950 alipewa hadhi ya Shujaa wa Kazi ya Ujamaa, moja kati ya heshima za juu kabisa nchini humo. Pamoja na heshima hizo zote, hakuificha imani yake ya Kikristo ya madhehebu ya Orthodox, ilhali serikali iliyomtunuku ilikuwa ikihubiri kwamba hakuna Mungu. Aidha, alipenda kuchora mandhari na kutunga mashairi, kazi alizozifanya hadi uzeeni.

Tiba iliyokosa ushahidi

Katika kupandikiza konea, Filatov alikuwa ameona jambo lililomshangaza. Konea zilizokaa kwenye baridi zilionekana kushika vyema kuliko zile mbichi. Isitoshe, kipande kilichopandikizwa kilipoanza kuota ukungu, aliweka kipande kingine cha konea ya baridi karibu yake, na mara nyingine ukungu ule ulipungua.

Kutokana na hayo alifikia hitimisho kubwa. Alisema kwamba tishu yoyote ikitengwa na mwili na kuwekwa katika mazingira magumu, kama vile baridi au giza, hujitetea kwa kutoa vitu maalum vyenye nguvu ya kuamsha uhai. Vitu hivyo, aliamini, vikiingizwa katika mwili wa mgonjwa vitamsaidia kupambana na ugonjwa wowote. Tangu mwaka wa 1933 alianza kuitumia tiba hiyo nje ya konea. Alipandikiza vipande vya ngozi na vya kondo la uzazi chini ya ngozi za wagonjwa, akadunga maji ya majani ya mshubiri yaliyokaa gizani, na pia maji yaliyokamuliwa kutoka tope la maziwa ya chumvi yaliyo karibu na Odessa.

Hapo ndipo alipowageukia wenye maradhi ya retina. Mmoja wa maradhi aliyojaribu kuyatibu kwa njia hiyo ni ule wa kurithi ambao huanza kwa mtu kutoona vizuri usiku. Baada ya miaka kadhaa, uwezo wake wa kuona pembeni hupungua kidogo kidogo, hadi akawa kama anayechungulia ndani ya bomba. Daktari akimtazama ndani ya jicho huona madoadoa meusi kwenye retina. Hadi wakati huo, hapakuwa na lolote la kumfanyia mgonjwa huyo ila kumpa pole. Filatov alimdunga sindano zake, na baadhi ya wagonjwa wakasema kwamba wanaona vyema zaidi.

Ni rahisi kufahamu kwa nini aliamini. Maradhi ya namna hiyo huenda polepole, na mara nyingine husimama kwa muda. Mgonjwa aliyesafiri mbali na kupokewa na daktari mashuhuri hujitahidi zaidi anaposoma herufi ukutani. Ili kuujua ukweli, hapana budi kuwachukua wagonjwa wawili walio sawa, mmoja akapewa dawa na mwingine asipewe, bila wao wala anayewapima kujua nani amepewa nini. Majaribio ya namna hiyo hayakuwa msingi wa tiba ya Filatov.

Wahenga walionya kuhusu mgema anayesifiwa. Filatov hakuwa mlaghai, na hakuna sababu ya kumshuku kwamba alitaka kumdanganya mtu. Lakini katika nchi ambako jina lake lilikuwa kubwa mno na serikali ikiisifu tiba yake, watu wa kumhoji walikuwa wachache. Dawa za mshubiri na za tope ziliuzwa katika maduka ya dawa kwa miaka mingi, zikapewa wenye kila aina ya ugonjwa. Nje ya nchi za Kisovieti, tiba hiyo haikukubaliwa, na hadi leo hakuna ushahidi imara kwamba iliponya retina ya mtu.

Ilibidi wenye maradhi hayo wangoje kwa miongo mingi. Baadaye iligunduliwa kwamba chanzo chake ni kasoro katika jeni, na kwamba jeni zinazohusika ni nyingi. Mnamo Desemba 2017, Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya kupeleka jeni nzima ndani ya retina, kwa wagonjwa walio na kasoro ya jeni moja mahsusi. Tiba hiyo iliidhinishwa baada ya kulinganisha waliopewa na wale ambao hawakuwa wamepewa, jambo ambalo sindano za Odessa hazikupitia.

Kuhusu konea za baridi, maelezo ya leo ni mepesi kuliko ya Filatov. Baridi hupunguza kasi ya chembe kuharibika na huzuia vijidudu kuzaana. Alichokiona kwa macho kilikuwa na faida ya kweli. Maelezo aliyoyajenga juu yake ndiyo yaliyompeleka kombo.

Urithi wake

Filatov aliendelea kuiongoza taasisi yake hadi alipofariki, na akazikwa mjini Odessa. Nafasi yake ilichukuliwa na mwanafunzi wake, Nadezhda Puchkovskaya, mpasuaji hodari aliyeongoza taasisi hiyo hadi mwaka wa 1985 na kuendeleza upandikizaji kwa wagonjwa walioungua vibaya macho, ambao hapo awali walionekana hawana tumaini. Taasisi hiyo ilipewa jina la Filatov, na nyumba aliyoishi ikageuzwa kuwa makumbusho.

Upasuaji wa konea umebadilika sana tangu siku zake. Darubini za upasuaji na nyuzi nyembamba kuliko unywele huwawezesha madaktari kushona kipande kilichopandikizwa bila kutegemea utando wa kukifunika. Dawa zilizoanza kutumika katika miaka ya 1950 huuzuia mwili kukikataa kipande hicho. Mnamo 1974, watafiti wa Marekani walitengeneza maji maalum ya kuhifadhia konea. Siku hizi, mara nyingi daktari hubadilisha tabaka lililoharibika pekee na kuliacha lililo zima.

Hata hivyo, jambo moja halijabadilika. Konea za kupandikizwa bado hutoka kwa watu waliofariki, kama alivyoonyesha Filatov mwaka wa 1931. Na bado hazitoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ulikadiria kwamba watu milioni 12.7 walikuwa wakingoja konea, na kwamba kwa kila watu 70 waliozihitaji ni mmoja tu aliyeipata. Katika mwaka wa 2012, upasuaji wa aina hiyo uliofanywa ulimwenguni ulikuwa takriban 185,000.

Tofauti kati ya waliopona na wanaongoja haitokani tena na upungufu wa maarifa. Elimu ya kuitoa konea, kuihifadhi na kuipandikiza imekuwapo kwa zaidi ya miaka 90. Kinachokosekana katika nchi nyingi ni vituo vya kuhifadhia, wapasuaji waliofunzwa, na watu walio tayari kukubali kwamba macho yao, au ya jamaa yao aliyefariki, yamfae mwingine badala ya kuozea ardhini.

Katika maisha ya Filatov, wagonjwa wa konea na wale wa retina waliingia kupitia mlango mmoja na kupokewa kwa huruma ile ile. Wa kwanza walipewa tiba iliyopimwa, ikashindwa, ikarekebishwa na kupimwa tena, nao wakaona. Wa pili walipewa tiba iliyoaminiwa kabla ya kupimwa, na giza lao likabaki. Huruma ya daktari haikupungua kwa hao wa pili. Kilichopungua ni ushahidi.